Bata wakipagawa ziwani, nani atasema kwanza?

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee bata. Msicheke, maana hii habari inaishia kwenye sahani yako.

Tuseme asubuhi moja umeenda kuvua kwenye matete ya Ziwa Victoria. Unakuta bata mwitu kumi wamekufa. Wengine wako hai lakini kama wamepagawa: mmoja anazunguka duara, mwingine shingo imepinda, mwingine anawarukia wenzake kisha anaanguka. Utafanya nini? Tusidanganyane, wengi wetu tutawaza kitoweo.

Hapo ndipo pa kuwa makini. Ndege wa hivyo anaweza kuwa na mafua ya ndege, na anaweza kuwa amekula sumu. Vyote viwili vinashambulia mishipa ya fahamu, ndiyo maana unaona kutetemeka na kuyumba. Unachodhani ni ukali mara nyingi ni ubongo umevurugika. Kwa macho huwezi kutofautisha, mpaka maabara.

Hayo si mambo ya kufikirika, na ziwa ni hili hili letu. Januari 2017 wavuvi wa Lutembe, karibu na Entebbe nchini Uganda, walikuta ndege wa porini wamekufa kwa wingi. Wengi walikuwa wale wadogo weusi wenye mabawa meupe, wanaofanana na shakwe, wanaokuja kwetu kukimbia baridi ya Ulaya na Asia. Taarifa zikafika serikalini, sampuli zikapimwa, ikaonekana ni mafua ya ndege, virusi vya H5N8. Huko Masaka nako bata na kuku wa kufugwa walikufa. Hakuna mtu aliyethibitika kuugua kwenye mlipuko ule. Lakini msibweteke: Februari 2021 Urusi ilitangaza wafanyakazi 7 wa shamba la kuku waliokutwa na virusi hivyo hivyo.

Sasa angalia kilichofuata. Kenya ilifunga mpaka kwa kuku na mayai ya Uganda mwezi ule ule. Mimi siwalaumu, kila nchi inalinda mifugo yake. Lakini jiulize, nani aliumia? Ni mama mwenye kuku 200 ambaye hata Lutembe hajawahi kufika. Wavuvi walisema ukweli, bili ikaenda kwa mfugaji.

Upande wa pili ni Bunyala, kwenye mashamba ya mpunga huko Busia, magharibi mwa Kenya, ziwa lile lile. Pale ndege walikuwa wanakufa kwa mkono wa mtu. Mwaka 2009 mtafiti wa ndege Martin Odino alianza kufuatilia jinsi wawindaji wanavyotumia Furadan, dawa ya kuua wadudu wa shambani. Walikuwa wanaipaka kwenye konokono na kuwatega korongo, na bata mwitu nao walikuwa wanategewa chambo cha mpunga wenye sumu. Ndege wakianguka waliokotwa, wakauzwa, watu wakala. Mwaka huo huo, baada ya televisheni ya CBS ya Marekani kuonyesha simba wa Kenya wanavyouawa kwa sumu hiyo, kampuni ya FMC iliyokuwa inaitengeneza ilisema itainunua tena kutoka madukani. Yaani simba walipata kamera. Bata na mlaji wake, je?

Ukilinganisha sehemu hizi mbili unapata jibu moja. Bunyala watu walijua, wakanyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa na hela. Lutembe watu walisema, na kusema kukaleta hasara. Kama mfugaji anajua akipiga simu atachomewa kuku wote na kufungiwa soko bila fidia, atafanyaje? Atachinja usiku, alfajiri yuko sokoni. Wewe mchana unaagiza robo na chipsi.

Kwa hiyo mimi nasema elimu peke yake haitoshi. Serikali zetu za Afrika Mashariki ziweke fidia inayojulikana mapema na inayolipwa haraka, na daktari wa mifugo anayefika siku hiyo hiyo. Ukweli ukiwa na faida, watu watausema. Mabango tumeshayaona ya kutosha.

Na wewe unayesoma hapa huku dakika zako zinayoyoma: ukikuta ndege wengi wamekufa au wamepagawa, usiwashike kwa mikono mitupu, usiwape mbwa, usiwapeleke jikoni. Kuchemsha sumu si kuiondoa. Toa taarifa kwa ofisa mifugo au mwenyekiti wa kijiji.

Bata hana simu. Anatoa taarifa kwa kufa. Ikiishia kwenye sufuria, tumeila taarifa.

Nawasilisha. Mnaotoka mwambao wa ziwa, mmeshaona kitu kama hiki? Semeni hapo chini.