Mgeni wa Heshima na Babu wa Unga
BARAZANI, na Mkaa Baraza

Wasomaji wangu wa siku nyingi, wanaoujua uadui uliopo baina yangu na vipaza sauti, hawatastaajabu nikisema kwamba juma hili vimenighadhibisha tena. Nilihudhuria tamasha la michezo mipya katika ukumbi mmoja hapa mtaani Olympic, na kijana mmoja, aliyejipaka unga wa ngano nywelani apate kuwa babu, alikuwa amefika pale babu anapomkana mwanawe, ukumbi kimya, hata muuza njugu kaisahau biashara yake, mara mfawidhi akapanda jukwaani, akamshika bega, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba mgeni wa heshima, aliyetarajiwa saa nane, amewasili.

Saa kumi na moja! Kijana akashuka, na hotuba ikaumeza muda wote uliosalia, nasi tukaelezwa kwa kirefu umuhimu wa kukuza vipaji, ilhali kipaji chenyewe kimesimama kando ya mlango, jasho limekwisha kuugeuza unga kuwa uji. Nilipomwendea akaniambia, "Mzee wangu, huyu babu hajaigizwa na mtu kabla yangu, sina wa kumfuata, na maneno ya mwisho mwandishi kanibadilishia jana usiku." Akanionyesha karatasi zake, wino mwekundu umepandiana na wa buluu. Mchezo wa zamani ukikatwa, hadhira aghalabu hujua ulivyokwisha. Ama huu, babu alipatana na mwanawe au hakupatana, hadi leo sijui.

Wala maradhi haya si ya jana. Mwaka 1976, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya mpigania uhuru Dedan Kimathi, pamoja na ule wa Francis Imbuga, iliyokuwa ikiandaliwa kupelekwa tamasha la sanaa la FESTAC kule Lagos, ilipewa siku chache tu katika Ukumbi wa Taifa wa Maigizo wa Kenya, zikabanwa baina ya maonyesho ya wageni. Mwaka 2025 wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere, walipotakiwa kuigiza mchezo wao "Echoes of War" kule Nakuru bila hadhira, waliimba wimbo wa taifa wakaondoka zao, nami niliwavulia kofia. Sababu ni moja: wakubwa wetu huliona jukwaa kuwa milki yao, na mwigizaji kuwa mpangaji mwenye deni la kodi.

Ujira wa kijana ulikuwa soda moja na cheti kilichokosewa jina. Enyi waandalizi, hotuba na iwekwe baada ya pazia kufungwa, milango ikiwa wazi, tuhesabu watakaobaki.