Nani Kakwambia Masasi Hakuna cha Kuona?

Ndugu msomaji, nina ugomvi, na ugomvi wenyewe nauleta mbele yako bila kuuzungusha. Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi fupi. Mhusika wangu alikuwa kijana aliyetoka sokoni Mkuti, akakatiza Jida, akapanda mlima Mtandi jioni, akakaa juu ya jabali akiutazama mji mpaka taa zikawaka. Alikuwa akimfikiria mama yake aliyelazwa. Basi, hadithi ilikuwa hiyo tu. Nikaipeleka kwa mhariri mmoja wa Dar es Salaam, ambaye simtaji jina kwa sababu si yeye peke yake mwenye ugonjwa huo. Ikarudi na maneno machache pembeni: hadithi ni nzuri, lakini huyu kijana mhamishie Kariakoo au Kinondoni, maana huko Masasi msomaji ataona nini?

Ataona nini! Nilikaa na swali lile kooni kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Kilichoniuma hasa si mhariri. Mhariri ni mtu wa mjini, anaujua mji wake, tumsamehe. Kilichoniuma ni kwamba hata sisi wenyewe tunasema hivyo hivyo. Shuka kwenye basi pale stendi ya Masasi, muulize kijana wa bodaboda mtu aone nini hapa. Atacheka. "Hapa? Hapa hamna kitu, braza. Hapa watu wanapita tu, wanakwenda Songea, wanakwenda Newala, wanarudi Mtwara." Anayasema hayo akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, na nyuma ya kichwa chake limesimama jabali zima, jeusi, limetoka ardhini kama kisigino cha jitu lililolala kifudifudi. Hageuki kulitazama. Amelizoea kama mtu alivyozoea pua yake.

Naam, ugomvi wangu ni na huyo pia. Na ni ugomvi na nafsi yangu, maana mpaka nilipofika miaka ishirini na miwili nilikuwa kama yeye.

Tuanze na Masasi. Nasema mji huu hauwezi kuujua ukiwa juu ya kitu chenye injini. Toka Mkuti alfajiri, wakati akina mama wanapanga mafungu ya nyanya na wauza chai wanapuliza mkaa. Tembea kuelekea Mkomaindo. Utaona jambo ambalo mwenye pikipiki hawezi kuliona: katika mji huu jua halichomozi mara moja. Linachomoza mtaa kwa mtaa. Huku watu wamekwisha anika nguo, kule wenzao bado wako katika kivuli cha mlima, wamejifunga khanga mabegani. Nyumba mbili za ndugu wawili, asubuhi mbili. Sasa wewe mwandishi, kama hapo huoni hadithi, unatafuta nini Kinondoni?

Watu wengi wa hapa wamezaliwa hospitali ya Mkomaindo. Waulize wangapi wamewahi kuupanda mlima huo ulioiazima hospitali jina lake. Nimewauliza. Nimejibiwa, "Kufuata nini huko?"

Halafu panda Mtandi, lilipo kanisa kuu la Waanglikana. Hapo pana habari ambayo kila mtoto wa Masasi angepaswa kuijua kabla ya kujua jina la mchezaji yeyote wa Ulaya. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyekuwa bingwa wa kukusanya hadithi za Kiswahili kule Unguja, alifika hapa na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walitoka Lindi kwa miguu. Safari ilikuwa na Ziwa Nyasa machoni, maana wengi wao asili yao ilikuwa huko bara. Walipofika chini ya majabali haya wakaona maji, wakaona udongo, wakasema tumefika. Hawakwenda mbele tena.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Watu ambao mwanzo walitembezwa kwa minyororo kwenda pwani, sasa wanatembea kwa hiari yao kurudi bara, na mahali pa kwanza walipochagua wenyewe kukaa ni hapa. Hapa tunapoambiwa watu wanapita tu! Mji huu ulianzishwa na wapita njia waliokataa kupita. Mwaka 1882 Wangoni wakauvamia, misheni ikahamishiwa Newala. Mwaka 1905 moto wa Maji Maji nao ukafika. Kila mara watu waliondoka kwa miguu, na kwa miguu wakarudi. Nasi wajukuu tunaona tabu kutoka Nyasa hadi Mkuti bila bodaboda.

Sasa twende Newala.

Ukisimama juu ya Mtandi siku isiyo na vumbi, ukatazama upande wa kusini-mashariki, utaona ukuta mrefu wa buluu. Ule si mlima, ni ukingo wa nyanda za juu za Makonde, na Newala imekaa juu yake. Mimi nilikwenda sehemu kubwa kwa miguu, siku mbili, nikalala njiani kwa watu waliodhani nimefilisika. Barabara inaanza kupanda, udongo unabadilika rangi, mikorosho inaongezeka, hewa inapoa, na masikio yanaanza kukuziba kidogo. Unafika juu. Unadhani utaona kilele. Hakuna kilele! Juu ni tambarare, kama mtu aliyepanda ngazi akajikuta sebuleni.

Lakini nenda hadi ukingoni, karibu na boma la Wajerumani, mahali wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu. Pale ardhi inakatika. Mji unaishia kama sentensi iliyokatwa katikati, na chini yako kuna bonde, na mbali kuna Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Nilifika kabla ya jua. Bonde lilikuwa limejaa ukungu mweupe, umetulia, una kingo zake, una ghuba zake, na vilima vimetokeza humo kama visiwa. Nilisimama nikisema moyoni: kumbe sisi nasi tuna ziwa letu. Kule Marekani wana mji wa Chicago uliokaa kando ya Ziwa Michigan, na watu hutembea ufukweni, wakaandika vitabu juu ya mitaa yao na upepo wao. Vizuri. Ziwa letu sisi ni la saa moja na nusu tu. Ilipofika saa tatu asubuhi lilikuwa limekwisha, yakabaki mashamba na moshi wa majiko. Lakini kesho yake lilirudi.

Nani ameliandika? Nitakwambia nani. Mwaka 1906 alikuja Mjerumani mmoja, Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig. Alitembea kutoka Lindi hadi Masasi, akapanda mpaka Newala, akakaa. Akatazama, akauliza, akapiga picha, akanasa nyimbo kwa mashine, akakusanya vinyago, akarudi kwao akaandika kitabu kikatoka mwaka 1908. Alikuja kwa mgongo wa serikali ya kikoloni, tena vita vya Maji Maji havijapoa, na yapo aliyoyaona vibaya kwa sababu ya macho aliyokuja nayo. Yote hayo nayajua. Lakini alitembea! Alisimama ukingoni akaona kuwa pana kitu cha kuona. Mimi leo nikitaka kujua babu zangu waliishije juu ya nyanda hizi, naambiwa nikamsome mgeni. Je, mwenzangu, miaka mia moja ijayo mjukuu wako akitaka kujua Newala ya leo ilinukia nini wakati wa mabibo, amsome nani?

Najua utanijibu nini, maana nimejibiwa mara nyingi. Utasema: "Acha mambo ya kizungu. Kutembea bila sababu ni starehe ya walioshiba. Sisi tumetembea vya kutosha."

Jibu hilo lina uzito, nami silirukii. Siku ile ya Shimo la Mungu nilishuka kidogo kwa njia ya miguu inayoteremka bondeni. Nikamkuta bibi mmoja amepumzika na mzigo wake wa kuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unakwenda wapi na viatu hivyo?"

"Nashuka tu bibi, nataka kuangalia."

Akanitazama muda mrefu. "Kuangalia," akasema. "Sisi njia hii tulishuka kufuata maji."

Nikanyamaza. Akanieleza. Nyanda za Makonde, kama hujui, mvua inanyesha lakini maji hayakai, udongo unayameza yote. Chemchemi ziko chini, miguuni pa ukingo. Kwa hiyo mwanamke wa Newala aliamka jogoo la kwanza, akashuka gizani, akapanga foleni, akapanda na mtungi kichwani jua likimchoma kisogo. Mtungi mmoja! Wa kupikia, kunywa na kuoga. Bomba lilianza kuletwa miaka ya 1950. "Likafika, likakatika," akasema bibi, "likarudi, likakatika. Miguu yangu haijakatika."

Basi nikakaa chini. Nilijiona mjinga, na hilo nalikiri hapa kwa maandishi. Lakini nilipopanda kurudi, nikihema, nilifikiri hivi: njia ile ni kitabu. Mahali pa kupumzikia pana jina lake. Jiwe la kutulia mtungi limelainika kwa miaka na miaka ya kutumika. Kona waliposemezana siri mabinti bila mama zao, bibi alinionyesha kwa kidole. Mwanamke yule akifa, njia ile itabaki mfereji wa mmomonyoko. Na sisi tunaojiita waandishi chipukizi tutakuwa tumekaa Dar es Salaam tukiandika hadithi ya kumi na moja juu ya kijana na foleni ya magari Ubungo.

Kwa hiyo sikubali kuwa kutembea ni starehe ya walioshiba. Kutembea ni elimu ya walalahoi, tena ndiyo tuliyoilipia kuliko zote. Hivi jina la machinga limetoka wapi? Linatajwa kutoka kwa Wamachinga wa Lindi, jirani zetu hapa hapa kusini. Vijana wa kusini walioingia Dar es Salaam na bidhaa mkononi, wakalikanyaga jiji mtaa kwa mtaa mpaka nchi nzima ikawaita wachuuzi wote kwa jina hilo. Sisi ndio tuliowafundisha watu wa mjini mji wao kwa miguu! Halafu tunarudi likizo Masasi, tunapanda bodaboda kutoka stendi hadi nyumbani, tunasema hamna kitu.

Kuna jambo la haraka zaidi, na hapa sisemi na waandishi tu. Barabara ya kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 160, mikataba yake ya lami ilitiwa saini mwaka 2023. Tumeilia miaka mingi. Wagonjwa wamezaliwa na kufa katika mchanga ule, korosho zimelala njiani. Mimi wa kwanza kushangilia. Lakini naomba niulize swali la mtembea kwa miguu: mwanafunzi na mama mwenye ndoo watapita wapi? Nimeona miji mingine lami ilipofika. Katikati magari, kando mtaro, na mtu anaambaa na ukingo wa mtaro kama panya. Tukidai sasa njia ya waenda kwa miguu kila penye makazi, si anasa. Ni wengi wetu hao.

Na pale Shimo la Mungu, jamani! Chini ya ukingo niliona chupa tupu za plastiki zimetupwa. Chupa za maji! Mahali ambapo bibi alipanda na mtungi mmoja, mjukuu anatupa chupa akicheka. Haihitaji mfadhili kuokota chupa. Vijana kumi wa Luchindu na Jumamosi moja vinatosha, na mbao mbili za kukalia tutachonga wenyewe. Wamakonde tukishindwa kuchonga benchi, nani ataweza?

Washkaji waandishi wenzangu, shauri langu ni fupi. Kabla hujaandika hadithi nyingine, tembea kata yako kutoka mwanzo hadi mwisho. Uliza jina la kila kona na nani aliipa. Wasalimie wakubwa, kaa chini, nyamaza. Halafu ndipo uandike, na mhariri akikurudishia, mpelekee tena.

Mimi ile hadithi yangu sikuihamishia Kariakoo. Kijana bado amekaa juu ya jabali la Mtandi. Nimeongeza jambo moja tu: kabla giza halijaingia, anatazama kusini-mashariki, anauona ule ukuta wa buluu, na anajua kuwa kule juu, ukingoni, yuko mtu mwingine anayeitazama milima ya Masasi.