Kichupa Hakigeuki Pipa

Pale Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, zipo kazi mbili ambazo twapenda wasomaji wetu wazitazame kwa pamoja. Ya kwanza ni kiwanda cha mafuta ya makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa. Ya pili ni Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea wa Kiitaliano.

Kiwanda kikihitaji mafuta zaidi, wafanya kazi hutia makonyo zaidi na kuzidisha mvuke. Maabara haina bahati hiyo. Kichocho kimepungua sana Pemba kwa vidonge vilivyogawiwa maskulini na majumbani miaka mingi, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini ugonjwa ukipungua ndipo unapojificha. Mtoto mwenye mayai machache katika mkojo wake aweza kupita mbele ya hadubini asionekane, akarudi kijitoni kesho yake, na konokono wakaambukizwa upya. Njia ya kumfichua ni kuizidisha DNA ya kimelea: mchanganyiko hupashwa moto hadi nyuzi 95, hupoozwa, kisha hupashwa tena hadi 72, na kila mzunguko huigeuza moja kuwa mbili. Mizunguko 30 hutoa zaidi ya 1,000,000,000.

Basi kwa nini isipikwe katika pipa? Mpishi yeyote wa wali wa harusi ajua jinsi sufuria kubwa inavyokawia kupoa. Tone hupoa kwa sekunde chache. Kwa hiyo viwanda vya dunia huongeza idadi ya vichupa, si ukubwa wake. Au huwapa bakteria kazi hiyo ndani ya matangi. Au hutumia vimeng'enya visivyohitaji ila joto la namna moja.

Kinachotufunga sisi ni kimeng'enya. Asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, na leo hukuzwa ndani ya bakteria wa kawaida. Hataza za msingi za njia hii zilikwisha huko Marekani mwaka 2005. Hata hivyo kwa kawaida twakinunua ng'ambo, kikavushwa bahari katika baridi kali. Na mwaka 2020, vifaa vya kupimia korona vilipogombaniwa, kila mtu aliona nani alihudumiwa kwanza.

Wapo watakaosema Pemba ni ndogo. La hasha, hatudai kiwanda kijengwe Wawi. Twataka vyuo vyetu vikuu vya Dar es Salaam, Muhimbili na Morogoro vipewe matangi madogo, na Wawi ikijaribu kimeng'enya chao. Kukikuza si kazi ngumu sana. Kukisafisha ndiko kugumu, na kuhakikisha tangi la leo latoa kitu kile kile cha mwezi ujao. Hapo ndipo fedha zitakapokwenda, wala tusidanganyane kwamba ni kidogo. Wizara za Unguja na za Bara na zianze kwa kuchapisha hesabu ya kimeng'enya tunachonunua kila mwaka.