Sheria za pombe zinavyoubana mvinyo wa mezani

Mkenya anayenunua chupa ya mvinyo wa bei nafuu ili ainywe na jamaa zake kwa mlo wa Jumapili hubebeshwa, kwa kila kipimo cha alkoholi, mzigo wa ushuru mzito kuliko wa mwenzake anayenunua pombe kali. Hayo ni matokeo ya marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza kutekelezwa Desemba 27, 2024, ambayo yalibadili namna ya kutoza ushuru wa bidhaa kwa vileo.

Kabla ya siku hiyo, mvinyo ulitozwa Sh243.43 kwa kila lita, uwe mkali au hafifu. Sheria mpya iliacha kupima ujazo na badala yake ikapima nguvu ya kinywaji. Mvinyo na bia ziliwekewa Sh22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi. Pombe kali, ambayo awali ilitozwa Sh356.42 kwa lita, iliwekewa Sh10 pekee kwa kipimo hicho hicho cha alkoholi.

Athari za mabadiliko hayo huonekana wazi hesabu inapofanywa. Chupa ya kawaida ya mvinyo ina mililita 750. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 13, ndani yake mna sentilita 9.75 za alkoholi halisi, na ushuru wake ni takriban Sh219. Chini ya utaratibu wa zamani ingelipiwa Sh183. Chupa ya pombe kali yenye ujazo huo na nguvu ya asilimia 40 ina sentilita 30 za alkoholi, na hulipiwa Sh300. Lau ingetozwa kwa kiwango cha mvinyo, ingelipiwa Sh675.

Kwa maneno mengine, alkoholi ile ile hutozwa zaidi ya mara mbili inapokuwa ndani ya kinywaji ambacho aghalabu hunywewa polepole pamoja na chakula, na hupunguziwa inapokuwa ndani ya kinywaji kinachomlevya mtu upesi.

Wanaotetea viwango hivyo wana hoja isiyoweza kupuuzwa. Pombe kali halali inapokuwa ghali, maskini hukimbilia chang'aa na vinywaji vilivyochanganywa na kemikali. Vifo vya zaidi ya watu kumi katika Kaunti ya Kirinyaga mnamo Februari 2024, baada ya kunywa pombe yenye sumu, vilikumbusha taifa gharama ya biashara hiyo haramu. Hata hivyo, nia ya kumwepusha mlevi na sumu haielezi kwa nini anayekunywa glasi moja kwa chakula cha jioni atozwe zaidi.

Isitoshe, ushuru huu hauangalii bei. Chupa ya Sh1,000 na chupa ya Sh6,000 zenye nguvu sawa hulipiwa Sh219 kila moja. Kwa ile ya kwanza, hiyo ni zaidi ya sehemu moja kwa tano ya bei; kwa ile ya pili haifiki asilimia nne. Na kwa kuwa kodi ya ziada ya thamani, VAT, ya asilimia 16 hutozwa juu ya ushuru huo, mzigo halisi kwa kila chupa hufika karibu Sh255. Tajiri hausikii. Mwalimu au karani aliyejizoesha kununua chupa moja kwa mwezi huusikia vilivyo.

Pamoja na hayo, mfumo huu wa kupima nguvu una upande mmja wa nafuu ambao wanunuzi wengi hawajautambua. Mvinyo wenye asilimia 10 ya alkoholi hulipiwa takriban Sh169, yaani Sh50 chini ya ule wa asilimia 13, na pia chini ya Sh183 za zamani. Nguvu hiyo huandikwa kwenye kibandiko cha kila chupa. Anayeisoma kabla ya kulipa anaweza kutambua ni chupa zipi zilizobeba ushuru mdogo.

Bahati nzuri ni kwamba mvinyo hafifu ndio unaoafikiana zaidi na mapishi mengi ya nyumbani. Vyakula vyetu vyenye pilipili, tangawizi na viungo vya pilau huufanya mvinyo mkali uchome koo, kwa sababu alkoholi huongeza ule moto wa pilipili. Mvinyo mweupe wenye utamu kiasi huutuliza. Utamu huo na uhafifu huenda pamoja: hamira ndiyo inayogeuza sukari ya zabibu kuwa alkoholi, na kazi yake ikikatizwa mapema, sukari hubaki na alkoholi hupungua.

Kwa samaki, kigezo ni uchachu. Tilapia wa kukaanga huliwa kwa kukamuliwa ndimu, na mvinyo mweupe mkavu kama Sauvignon Blanc hufanya kazi ile ile ya ndimu: huyakata mafuta na kuuacha mdomo safi. Samaki au maharagwe yaliyopikwa kwa tui la nazi huhitaji mvinyo uliojaa kidogo mdomoni bila kupoteza uchachu wake. Hapo ndipo Chenin Blanc inapofaa, nayo ndiyo aina ya zabibu inayopandwa zaidi nchini Afrika Kusini, na chupa zake ni miongoni mwa zile za bei ya chini katika maduka yetu.

Nyama choma ina kanuni nyingine. Mvinyo mwekundu una tanini, yaani ule ukakasi unaopatikana pia katika chai ya rangi iliyokolea. Kila mpishi anajua kwamba maziwa huuondoa ukakasi wa chai. Sababu ni kwamba protini za maziwa huishika tanini. Nyama yenye mafuta hufanya vivyo hivyo kwa mvinyo mwekundu, na ndiyo maana mvinyo unaoonekana mchungu ukinywewa mtupu huwa laini pamoja na mbavu za mbuzi. Pinotage, zabibu iliyozalishwa katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch mwaka wa 1925, ina harufu ya moshi inayoafikiana na nyama ya makaa. Lakini kachumbari ikitiwa pilipili nyingi, tanini hiyo huwa adui, na mvinyo mwekundu mwepesi uliopoozwa kidogo kwenye friji hufaa zaidi.

Githeri, mukimo na ugali kwa sukuma wiki si vyakula vya kununuliwa mvinyo ghali. Ladha zao ni tulivu, na mvinyo mzito huzifunika. Chochote chepesi, kiwe cheupe au chekundu, kinatosha.

Kwa familia inayokunywa kidogo kidogo, mvinyo wa boksi una faida ambayo chupa haina. Mfuko ulio ndani hujikunja kadiri kinywaji kinavyopungua, hewa haiingii, na mvinyo hukaa majuma kadhaa bila kuharibika. Chupa ikishafunguliwa huanza kuchacha katika siku chache, jambo linalomshawishi mnywaji kuimaliza usiku ule ule.

Suala jingine ni asili ya mvinyo wenyewe. Mizabibu hukua Naivasha, na katika nchi jirani ya Tanzania mkoa wa Dodoma umekuwa ukilima zabibu tangu wamishonari walipozipeleka katika miaka ya 1950. Hali ya hewa ya huko huwawezesha wakulima kuvuna mara mbili kwa mwaka. Bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinazotimiza masharti ya asili hazitozwi ushuru wa forodha zinapovuka mpaka. Hata hivyo, katika maduka mengi ya Nairobi mvinyo wa Afrika Kusini ndio uliotawala rafu, ilhali ule wa Dodoma ni nadra kuuona.

Tishio jipya halikutoka kwa watoza ushuru bali kwa sera. Julai 2025, serikali ilizindua sera ya kitaifa ya kukabiliana na pombe na mihadarati iliyoandaliwa na NACADA. Ilipendekeza umri wa kuruhusiwa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na mauzo ya vileo yapigwe marufuku katika supamaketi, mikahawa na mitandaoni. Baada ya malalamiko, mamlaka hiyo ilifafanua kwamba sera si sheria. Lakini mwelekeo wake ulieleweka.

Kumlinda kijana ni jambo jema. Kuiondoa pombe kwenye supamaketi na mikahawa ni jambo tofauti, kwani huko ndiko kileo hununuliwa pamoja na nyama na mboga, au huletwa mezani pamoja na sahani. Kikibaki kwenye baa na vilabu pekee, anayetaka kukitenga na chakula atakuwa amerahisishiwa, na anayetaka kukiunganisha na chakula atakuwa amefungiwa mlango.

Ni kweli kwamba mvinyo si dawa. Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya, na Wakenya wengi, kwa imani zao au kwa hiari, hawaigusi kabisa. Msimamo wao unastahili heshima. Lakini sheria ya nchi hiyo hiyo tayari imekubali kwamba pombe itauzwa. Swali lililobaki ni unywaji wa aina gani unaofanywa rahisi na upi unaofanywa mgumu.

Kwa viwango vya 2024 na mapendekezo ya 2025, jibu limeelekea upande usiofaa. Bunge likitaka kurekebisha, si lazima lipunguze mapato ya serikali. Linaweza kupunguza pengo kati ya Sh22.50 na Sh10, na kuweka kiwango cha chini zaidi kwa mvinyo usiozidi asilimia fulani ya alkoholi. Hadi hapo litakapofanya hivyo, mwenye nyumba atabaki na silaha moja tu: kusoma kibandiko kabla ya kufungua pochi.