MALEZI: Mtoto na Aongoze Mchezo

Wako miongoni mwetu wazee wanaodhani kwamba mchezo wa mtoto ni upuuzi wa kungojwa upite, mfano wa homa, ndipo mtoto awe mtu. Akikaa kimya husifiwa adabu. Akicheza huitwa mtundu. Sisi tumefundisha watoto chuoni miaka mingi, na tuyaonayo ni kinyume cha hayo. Mtoto tunayemhofia si yule arukaye mara misahafu ikifungwa, bali ni yule abakiye mkekani, wenzake wamekwisha toka, naye hana hamu ya kuwafuata.

Wasomaji wetu waijua habari ya Abu Umair, mwana wa Abu Talha na Ummu Sulaim, nduguye Anas bin Malik kwa mama. Alikuwa mtoto mdogo, ana kidege akichezacho, na kidege kile kikafa. Mtume s.a.w. alipoingia nyumbani mwao alimwona mtoto amenyong'onyea, akauliza ana nini. Alipokwisha ambiwa, alimwelekea mtoto mwenyewe, akamwita Abu Umair, yaani Baba Umair, kama aitwavyo mtu mzima, akamuuliza habari za kidege chake. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 335 Hijria, alitunga risala nzima juu ya hadithi hii, akatoa humo faida 60. Leo twataka moja tu. Hatusomi humo kwamba mtoto aliambiwa kidege si kitu, wala kwamba maneno yaligeuzwa yakawa somo. Aliulizwa juu ya lile lililomo moyoni mwake.

Kucheza na mtoto tunakokusudia ndiko huko. Si kumketisha umfundishe hesabu kwa vifuu. Keti chini alipo yeye, na yeye ndiye achague. Akipika mchanga katika kifuu, wewe u mgeni wake, ngoja upakuliwe. Akikwambia leo wewe ni mbuzi, basi u mbuzi. Sema ukionacho, "Naam, naona umemlaza mwanao," kisha nyamaza, akujibu akipenda. Usimsahihishe kwamba mchuzi hautiwi sukari, wala usimwandame kwa maswali kama karani wa mahakama. Robo saa kwa siku yatosha, nayo simu iwe mbali. Simu hii, ambayo siku hizi hupewa mtoto ili anyamaze, hucheza yenyewe. Haijui kumngoja wala kumfuata.

Kwa nini jambo dogo hili likaugusa moyo wa mtoto? Mtu mzima akipatwa na msiba huusimulia. Mtoto wa miaka minne hana maneno hayo, basi huutia katika mchezo. Tulimjua mtoto mmoja aliyefiwa na bibi yake, naye ndiye aliyekuwa akilala naye. Baada ya hitima akawa kila jioni humfunga mwanasesere wake kwa kipande cha kanga, huchimba uani, humfukia, humwombea dua, kisha humfukua. Shangazi yake alimkemea, akasema huo ni uchuro. Lakini mama alimwomba wifi yake kwa upole amwache, akaenda akaketi karibu na kile kishimo. Mtoto akampa udongo atie, naye akatia. Siku ya tatu ndipo mtoto alipouliza: je, na bibi hufukuliwa usiku, au hubaki gizani peke yake? Mama akamjibu kwa kadiri ya umri wake, wakalia pamoja. Mchezo ule ukaendelea siku chache nyingine, ukakoma wenyewe. Lau mtoto angalichapwa siku ya kwanza, nani angalijua kwamba ndani mna swali lile?

Wala si watu wa chuoni tu wasemao haya. Huko Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1986 na 1987, wataalamu waliwachagua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki, kwa miaka miwili, na mfanyakazi wa afya aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono. Walipofika miaka 17 na 18 walionekana kuwa na wasiwasi na huzuni pungufu kuliko wenzao wasiotembelewa. Michezo yao ilikuwa na mafunzo zaidi ya haya tusemayo, lakini asili ni moja: mzazi kushuka chini kwa mtoto. Na tena haikuhitaji duka.

Twajua kuna baba atakayesema kwamba akionekana anatambaa sakafuni heshima yake itapungua. Huyo na akumbuke ile sala ambayo sijda yake ilirefushwa hata Masahaba wakadhani limetokea jambo, au wahyi unashuka. Kumbe mjukuu wa Mtume s.a.w. alikuwa amempanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha kabla hajatosheka. Jamaa nzima ikangoja, na aliyeamua mchezo umekwisha lini ni mtoto.

Ama kuongoza mchezo si kuongoza nyumba. Mtoto akipiga watu au akirusha mawe, mchezo husimama, na mtu mzima ndiye ausimamishaye, bila ya matusi. Na yuko mtoto ambaye robo saa hii haimtoshi: ameacha kucheza wiki kadhaa, hapati usingizi, ameanza tena kukojoa kitandani ilhali alikwisha acha, au hushtuka kwa kila sauti. Huyo asifichwe kwa kuona haya, wala asizungushwe kwa waganga. Asomewe dua, na apelekwe hospitali, na mama amweleze daktari siku ilipoanza na lililotokea nyumbani wakati huo.