KAZI YA HALALI HAIOMBI KIINGILIO

Ndugu wafanyakazi,

Siku hizi, kuanzia stesheni ya Mariakani hadi mashamba ya chumvi ya Gongoni na mahoteli ya Malindi, penye wafanyakazi watatu, wawili wameinamia simu. Wanajibu maswali ya utafiti katika intaneti wapate nyongeza. Siwalaumu. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na karo haingoji. Lakini wezi wameingia katika jambo hili, na tunaoibiwa ni sisi.

Kazi yenyewe ipo. Wenye viwanda na mabenki hutaka kujua mawazo ya watu, nao hulipa makampuni yawaulizie. GeoPoll, kwa mfano, huuliza watu hapa Kenya kwa ujumbe wa simu; kujibu ni bure, na malipo ni muda wa maongezi. Lakini malipo ya kazi hizi ni haba. Mimi nilijibu maswali jioni nne baada ya zamu. Mara mbili niliambiwa katikati kwamba sifai, nisilipwe kitu. Nilipotoa gharama ya bando, zilibaki pesa za chai na mahamri.

Sasa mtazameni mwizi. Yeye husema: toa shilingi 2,000 uandikishwe, ulete na wenzako, utalipwa kila siku. Mimi nilitoa. Wiki ya kwanza nikarudishiwa 600, nikafurahi, nikamwita shemeji yangu, naye akatoa. Wiki ya tatu wakala hakushika simu tena. Shemeji hanisemezi mpaka leo. Huo ni upatu, wala si mpya. Ripoti ya tume ya serikali ya 2009 ilionyesha Wakenya zaidi ya 148,000 wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 katika upatu wa namna hiyo.

Basi shikeni haya:

1. Mfanyakazi hamlipi mwajiri. Ukiombwa kiingilio, ondoka.

2. Namba ya siri ya M-Pesa, na tarakimu zinazoletwa kwa ujumbe, usimpe mtu yeyote. Picha ya kitambulisho usiipeleke kwa usiowajua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yakupa haki ya kuuliza habari zako zatumiwaje.

3. Malipo yakifika kiwango, yatoe mara moja. Yakikataa kutoka, acha kazi hiyo.

4. Andika dakika ulizotumia na bando ulilonunua, kisha ujue saa yako imeuzwa bei gani.

Wako wanaosema kwamba simu imekuja, chama hakina kazi tena. Wamekosea. Katika simu kila mtu yu peke yake. Machi 2024 Remotasks, waliokuwa wakitoa vibarua vya intaneti, waliwafungia Wakenya mlango ghafula. Wale vijana wangemwendea nani? Lakini Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli waligoma pamoja Mombasa, na mishahara ikaongezwa.

Jibuni maswali hayo mkitaka, pesa za chai si dhambi. Ila kabla ya kutoa hata senti moja, mwulizeni katibu wa tawi. Na siku ya mkutano wa kudai mshahara, wekeni simu mfukoni mje. Chai haishibishi nyumba.

Umoja ni nguvu.

Mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli, Mariakani