UTALII WA MLIMANI: KITULO MPAKA LYULILO, NANI ANAKULA?

Wadau, niko Lyulilo, huku chini kabisa ambako Milima ya Livingstone inachovya miguu kwenye Ziwa Nyasa. Leo naomba tuwekane sawa kuhusu hili neno "kufungua utalii wa kusini". Toka filamu ya Royal Tour ilipotoka Aprili 2022, kila mwenye kipaza sauti anaimba utalii. Sawa, mimi sipingi. Swali langu ni moja tu: huo utalii ukishafunguka, sie vijana wa huku tunaingilia mlango gani?

Tuanze na biashara yenyewe. Wageni wengi wanaolipia kutembea milimani sio mabingwa wa milima. Ni watu wa maofisini wenye likizo ya wiki moja na magoti ya kawaida. Wanataka kutembea mchana, kulala mahali salama na kurudi kwao wazima. Ndio hao wanaoilisha Kilimanjaro. Wakiambiwa njia ya Marangu ni rahisi kwa anayeanza, ni kwa sababu ina vibanda vya kulala: Mandara, Horombo na Kibo. Lakini kilele kiko mita 5,895, na huko hewa nyepesi haiangalii sura. Kichwa kinagonga, unatapika, na ukilazimisha unaweza kufa. Dawa yake ni kwenda pole pole, na hali ikizidi kuwa mbaya unashuka haraka.

Sasa angalia tulichonacho sie. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko kama mita 475. Yaani mgeni anaanza kwenye baridi na maua, anapita misitu na vijiji, anamaliza kwa kuogelea. Kwa urefu ule anaweza kuumwa kichwa kidogo, lakini hatari ya Kibo haipo. Hifadhi ya Taifa Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, na sababu kubwa ilikuwa maua na mimea, sio simba na tembo. Ina zaidi ya aina 350 za mimea, na okidi peke yake ni aina 45. Kwenye misitu ya Livingstone na Rungwe yupo kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtambulisha kwa dunia mwaka 2005 wakati wazee wa huku walishamjua kitambo.

Kwa mtazamo wangu hii ndio safari ya siku tatu ya mtu anayeanza. Ila tusidanganyane. Maelezo ya TANAPA yamewahi kuandika kwamba kutoka hifadhini mpaka Matema ni matembezi ya nusu siku. Kwa Mkinga aliyezoea kushuka na mzigo kichwani, labda. Kwa mgeni, kushuka zaidi ya mita 2,000 kwa mkupuo mmoja ni kumuua magoti. Halafu kuna suala la msimu. Maua yanachanua sana kati ya Desemba na Aprili, wakati uleule wa mvua, na mvua ya Kyela mnaijua. Njia inakuwa sabuni. Kuanzia Juni pakavu, lakini maua machache na usiku kule juu baridi inakata. Haya mambo mgeni hawezi kuyajua peke yake. Anahitaji mtu wa hapa.

Na hapo ndipo pesa inapopotelea. Nimebeba mizigo kwenye njia ile. Tulikuwa vijana watatu, kampuni ilitoka mbali (jina nakaa nalo). Tukakubaliana malipo ya siku, tukatembea siku tatu. Kwenye kulipwa tukahesabiwa siku mbili. Kisa? Eti siku ya tatu "mlikuwa mnarudi kwenu". Jamani! Mzigo ulikuwa uleule mgongoni. Hatukuwa na karatasi, kwa hiyo hatukuwa na pa kwenda kulalamika.

Kilimanjaro walishapita hapo. Wabeba mizigo, wale wanaoitwa wagumu, walipunjwa miaka mingi. Leo kuna kikomo cha kilo 20 na mizigo inapimwa kwenye mizani, na toka 2003 lipo shirika la KPAP linalofuatilia malipo yao. Mambo hayajanyooka yote, lakini mgumu ana pa kushika. Sie tuna nini?

Wengine mtasema tusubiri mradi mkubwa. Mradi ulishakuja. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150, mradi wa REGROW, kukuza utalii wa kusini. Hifadhi zilizolengwa ni Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Selous, ambayo upande wa kaskazini leo ni Nyerere. Kitulo haikuwemo. Aprili 2024 benki ikasimamisha kutoa fedha kutokana na malalamiko ya wananchi wanaoishi jirani na Ruaha, na mwaka huohuo mradi ukafutwa. Kwa hiyo anayesubiri hela ya juu asubiri akiwa amekaa.

Mimi naona tuanzie chini. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo. Wananchi wanaijadili kwenye mkutano, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Vijiji vya juu na vya chini vikikaa pamoja vinaweza kuweka kitabu cha wageni, bei moja ya siku ya mbebaji, na karatasi ya makubaliano inayosainiwa kabla mzigo haujanyanyuliwa. Waongozaji ni suala jingine. Sheria ya Utalii ya 2008 inadai leseni, na mafunzo yana gharama, hivyo kikundi kichangie kijana mmoja mmoja kila msimu.

Kulala je? Kule Annapurna, Nepal, ambako mradi wa hifadhi ulianza 1986, mgeni analala na kula kwenye nyumba za wanakijiji njiani, na ada ya kuingia inarudi kutunza eneo lile. Hatuhitaji hoteli ya nyota tano. Chumba kisafi, choo kizuri, wali wa Kyela na samaki. Akimaliza safari Jumamosi anakuta mama wa Kikisi kutoka Ikombe wameshusha vyungu kwenye mitumbwi sokoni hapa Lyulilo. Njia za milima hii zilikuwa za biashara kabla ya mzungu yeyote. Wakinga walishusha majembe ya chuma, Wanyakyusa wakayanunua.

Kuna faida nyingine. Kule juu watu wanachimba viazi vya okidi, vile vikanande vinavyouzwa mpaka Zambia. Askari peke yao hawatammaliza mchimbaji mwenye njaa. Ila akiona ua lililosimama linamlipa kila msimu, atalilinda mwenyewe.

Haya, nimemwaga yangu. Wadau wa Makete, Busokelo na Kyela, semeni: siku moja ya mbebaji iwe shilingi ngapi? Na vijana wa Moshi mnaopita humu, tuambieni nyie mlianzaje.